Simu Iliyojaa

Fundi simu wa Vingunguti alikuwa na kawaida ya kufuta kioo cha simu kwa pindo la shati kabla ya kuuliza lolote. Mwaka wa elfu mbili na tatu, Mama Marietha alimletea yake. Meseji za mwanawe aliyeko Arusha zilikuwa haziingii. Fundi akabonyezabonyeza.

"Imejaa, mama. Inabeba kumi tu. Nizifute hizi za zamani?"

"Hizo ni za marehemu mume wangu, fundi."

Fundi alichukua kalamu, akazinakili zote kwenye karatasi kwa mwandiko wa polepole, na pale marehemu alipokosea herufi, akaacha vilevile. Akamkabidhi, akangoja asome mpaka mwisho. Ndipo akafuta moja tu, na meseji ya Arusha ikaingia.