Shamba la Anyesi na Nyota za Nje

Anyesi wa Gulwe, mjane wa fundi reli, hakuwa mtu wa kulainishwa kwa salamu. Mwaka tisini na mbili Nathanaeli, mwalimu wa chuo kikuu, aliteremka garimoshi, akamwamkia kwa adabu na kuomba kusimamisha nguzo na nyaya katika shamba lake la uwele lililokwisha kuvunwa. Anyesi alimtazama viatu kwanza.

"Unatafuta nini humo? Dhahabu?"

"Nyota, mama."

"Nyota ziko juu. Mbona unataka kuchimba chini?"

Wanawake waliokuwa wakipepeta uwele wakaangua kicheko. Nathanaeli naye akacheka, akaeleza. Ule mkanda mweupe wa angani ni kama kijiji cha nyota, nasi tumo ndani yake. Yeye anazitafuta zilizo nje ya kijiji, kwenye vile viwingu viwili vya kusini visivyopeperuka: nyota zilizokufa, zinazozunguka kama pia, mara nyingi kabla hujamaliza kupiga chafya, na kila mzunguko hutoa mdundo wa redio. Mdundo wenyewe hafifu mno. Nyaya hizi haziwezi kuunasa. Zinapima tu kama shamba lina kimya cha kutosha.

"Likiwa nacho?"

"Wenzangu wataleta sinia la chuma la kusikilizia."

"Kubwa kama nini?"

Nathanaeli akatazama shamba, mpaka hadi mpaka. "Lakini hatuchukui ardhi ya mtu, mama."

Anyesi akaitikia kwa kichwa. Mwaka wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, vijana wenye adabu kama hii walipiga vigingi kwa mama yake, wakasema ni vya kupima tu. Kabla ya mvua nyumba ilikuwa imeezuliwa, naye na mama yake wamo ndani ya lori. Shamba hili alilipata baadaye sana, akang'oa visiki kwa mikono yake.

Nguzo ziliposimama, akampa mgeni togwa, akamdadisi taratibu: hicho kimya huharibiwa na nini? Naye akajibu bila kujihadhari: injini za petroli, cheche zake ni kelele tupu.

Matonya alikuwa na banda la video karibu na stesheni, na jenereta ya petroli. Anyesi ndiye aliyekuwa akiwaongoza akina mama wa kanisa kulilaani. Asubuhi akamwendea.

"Hamia kwenye kona ya shamba langu. Bure."

"Mama Kanisa! Leo umeota nini?"

"Beba jenereta yako."

Kufika mchana, mshale wa kipimo cha Nathanaeli ulirukaruka kama panzi. Akaja mbio.

"Mama, ile jenereta..."

"Ni biashara. Siku hizi biashara ruksa."

Nathanaeli akahangaika, mwishowe akakunja nyaya. Akina mama wa kanisa walimnunia Anyesi, hakuomba radhi. Akamsindikiza mgeni stesheni, na karanga za njiani.

"Ungeniambia tu kwamba hutaki," Nathanaeli alisema.

"Ungeniambia tena kwamba hamchukui."

"Lakini ndivyo ilivyo, mama."

"Panda, mwanangu. Litakuacha."

Garimoshi likaondoka. Anyesi akavuka reli, akachungulia upande wa pili, asije mgeni akawa ameteremkia huko.