Simu Niliyoipokonya Wodini

Nikiri tu kwamba nikiona simu wodini, napandwa na mori. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi hapa Tabora, na juzi nilisimamia mtihani wa vitendo. Akaingia binti mmoja wa Isevya, Zuhura, kajitanda ushungi, akaniamkia vizuri: "Shikamoo, mwalimu." Akamwekea mgonjwa, bibi wa Kwihara, stetoskopu kifuani, kisha akatoa simu na kuikodolea macho.

Niliipokonya.

"Moyo unasikilizwa kwa masikio, si kwa kioo cha simu."

"Mwalimu, sisikii vizuri. Stetoskopu hii inanichorea mapigo kwenye simu. Barua yangu ya ruhusa iko kwa mkuu wa mitihani."

Asiyesikia vizuri gani huyo, anayeamkia vile? Nikamwandikia sifuri. Akainua pembe ya ushungi, akanionyesha vifaa vya kusikilizia masikioni. Nikasema hizo ni herini tu, nazijua.

"Mrudishie, mwanangu," bibi akasema. "Hata mimi nilikuwa nautazama moyo wangu."

Nikamwita mkuu wa mitihani aje na hiyo barua, nimuumbue binti mbele ya wenzake. Akaja, akaisoma kwa sauti. Ruhusa ilikuwepo kweli, imetolewa kwa namba ya mwanafunzi tu, na aliyeisaini mwezi uliopita ni mimi. Tena chini nilikuwa nimeongeza kwa mkono wangu, kwa hasira hizihizi: "Msimamizi atakayemnyima kifaa hiki atolewe wodini papo hapo."

Mkuu akanifungulia mlango.