Mashangazi wa Njia ya Wundanyi

Nilijiunga na safari ya baiskeli kutoka Voi hadi Arusha kwa sababu ya Saumu, jirani yangu mwenye duka la vitambaa. Kaka yake Athmani alikuwa amemwambia mbele ya wateja kwamba hatavuka Mwatate, na kwamba kesho yake wangemkuta dukani kama kawaida. Jioni Saumu alinijia mlangoni.

"Wataka kuja, au wataka kusimuliwa?"

Nikatafuta baiskeli.

Tulikuwa waendeshaji sita, pamoja na kiongozi wetu Mwadime, fundi umeme aliyezaliwa milimani. Mutua alifuata nyuma na pikapu ya mizigo. Kabla ya kuondoka Mwadime alitoa sheria moja: atakayepanda pikapu kabla ya kufika Wundanyi, asubuhi inayofuata arudi Voi. "Hatuwezi kumsukuma mtu hadi Arusha," alisema. Alisema na sisi sote, lakini macho yalikuwa kwa Saumu.

Voi hadi Mwatate barabara ni tambarare, ila upepo ulitupiga usoni. Saumu alikuwa wa mwisho, ushungi ameubana ndani ya kofia ngumu, na Mutua akimfuata polepole kama msafara wa maziko.

"Mama, nikuwekee hiyo baiskeli? Kiti kiko tupu tu."

"Weka macho yako barabarani, Mutua."

Mwatate ndipo tulipogundua kwamba Mwadime alikuwa amepanga njia kwa kufuata mashangazi zake. Wa kwanza alitungoja na sufuria ya kimanga, maharagwe na mihogo iliyopondwa pamoja, chakula kinachokaa tumboni mpaka kiamue chenyewe kuondoka. Mwadime alikula sahani moja akasogeza ya pili.

"Nimeshiba, shangazi."

"Umeshibia wapi? Kwa nani?"

Swali hilo halina jibu salama. Mwadime akavuta sahani.

Saumu alionja kidogo, akasifu, kisha akasema kwa adabu, "Shangazi, chakula hiki si cha kuliwa mbiombio. Nifungie nikakile njiani nikiwa nimetulia." Shangazi alifurahi, akamfungia kwenye jani la mgomba. Sote tukaomba vivyo hivyo. Mwadime naye akajaribu.

"Wewe ni mtoto wa hapa," shangazi akamwambia. "Unafungiwa uende wapi? Kula."

Kwa shangazi wa pili, mlima unapoanza, mambo yalikuwa yale yale. Wa tatu anakaa juu zaidi, kando ya kona kali, na alikuwa amesikia kwa simu jinsi mpwa wake alivyokula vizuri kwa wenzake. Hakukubali kushindwa.

Saumu alipanda kwa gia ndogo kabisa, akisimama kila kona kuvuta pumzi. Mara nyingine alishuka akaisukuma baiskeli, maana sheria haikukataza miguu. Kila aliposimama, Mutua alifungua mlango wa pikapu, na kila mara Saumu aliufunga mwenyewe.

Hatua chache juu ya nyumba ya shangazi wa tatu tulimkuta Mwadime amekaa ukingoni, ameshika tumbo, jasho linamtoka.

"Naona giza," alisema.

Mutua alifungua mlango. Mwadime akaingia bila kumtazama mtu. Saumu aliwapita akaendelea kukanyaga.

Jioni, Wundanyi kuna baridi ya kutafutia sweta. Saumu alifika wa mwisho, kwa baiskeli yake, akampigia simu Athmani. "Fungua duka na kesho. Mimi sirudi."

Mwadime alikuwa ameshafunga begi. "Sheria ni yangu," alisema. "Asubuhi nashuka." Hakuna mwingine kati yetu aliyejua njia wala nyumba za kulala huko mbele. Wote tukamtazama Saumu, kwa kuwa sheria ile ilitungwa kwa ajili yake. Alifungua kwanza jani lake la kimanga, akala akamaliza.

"Miguu unayo," akamwambia. "Ulichokosa ni mtu wa kukusemea. Kesho shuka na Mutua hadi pale ulipopandia gari, uanze upya, kipande cha pikapu kifutike. Nitakuja nawe."

Asubuhi niliwafuata. Mutua alikuwa bado anashusha baiskeli shangazi wa tatu alipotokea uani.

"Umerudi, baba? Ingia, chakula kipo."

Mwadime alikuwa kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Saumu akatangulia.

"Shangazi, shikamoo. Leo nimekuja naye mimi, ni mgeni wangu. Naomba umfungie."

Shangazi alimtazama Saumu, akamtazama mpwa wake kutoka kofia hadi viatu, kisha akaenda mgombani na kisu.

Mwadime alipanda hadi Wundanyi bila kusimama, na safari ya Arusha ikaendelea naye mbele. Nilichojifunza siku hizo mbili ni kwamba mlima ule unapandika hata kwa kusukuma baiskeli. Kwa mashangazi, usiende bila wakili.