Hodi Ngome Kongwe

Jumatatu asubuhi nilikuwa ndani ya Ngome Kongwe, Unguja, na bwana mmoja wa ofisini, aliyetumwa kuandika historia yake. Akinisomea karatasi zake kwa sauti: Wareno walijenga kanisa, Waarabu wakajenga ngome mahali pake, baadaye pakawa jela.

Mara tukasikia, "Hodi!"

Alikuwa bi mkubwa mmoja, kikapu cha soko la Darajani mkononi, amesimama langoni na lango lenyewe li wazi.

"Pita tu, Bi," bwana akamwambia. "Hapa hapana mwenyewe."

Hakuinua mguu. "Nyinyi mlipiga hodi?"

Bwana akatazama karatasi zake.

"Kabla ya Mapinduzi hapa palikuwa na klabu yetu wanawake. Tukivua mabuibui, tukicheza, tukicheka tutakavyo. Mume wangu akija kunichukua, akisubiri hapa hapa nliposimama. Hilo limo kwenye karatasi yako?"

Halikuwamo. Bwana akatia kalamu mfukoni, akanishika mkono, tukatoka hadi barabarani. Bi mkubwa akaingia, akaketi, akatugeuzia mgongo. Nasi tukaita kutoka nje:

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

Nikaanza kuona haya, maana kwetu hodi ya tatu isipoitikiwa, mtu hurudi alikotoka.

"Hodi!"

"Karibuni, wanangu."

Bwana yule ameongeza mstari wa klabu. Nami najivunia jambo moja: katika karatasi zile watu wanaingia ngomeni kwa mizinga na kwa pingu. Mimi nilikaribishwa.