Kisanduku cha Machozi

Daktari wa utafiti wetu hana salamu, ana neno moja tu, "Cheka." Sisi tuliopinda nyuso kwa kupooza, tunaojaribiwa sindano mpya, humkalia mbele mmoja mmoja, naye hutuwekea rula pembeni mwa mdomo na kupima tabasamu kwa milimita. Vidole vyake ni vya baridi, vinanuka spiriti. Akishaandika, huipuliza fomu wino ukauke, taratibu, kwa upole ambao shavu langu halijawahi kuuonja.

Juzi aliingia mama niliyekaa naye benchi moja, mlango ukabaki wazi. "Cheka, mama."

"Daktari, jana nimemzika mwanangu."

Mkono wenye rula ukasita. Nikajisemea, leo ataiweka chini. "Pole sana, mama," akasema, na sauti ilimtetemeka kweli. "Basi kidogo tu. Tukikosa kipimo cha leo, watakutoa kwenye utafiti, na sindano utazikosa."

Mama akacheka, kwa upande ule unaomtii, ule uliopooza ukifuata kwa mbali. "Milimita sita! Umepanda mbili, hongera." Machozi yakamtiririka. Daktari akageuza fomu, akatafuta palipoandikwa "madhara ya dawa", akatia alama ya vema kwenye kisanduku cha jicho kutoa machozi, kisha akapuliza wino ukauke.