Moshi wa Udi Kwenye Matofali

Mpaka leo nikiona chetezo kimewekwa karibu na ukuta, damu inanichemka.

Tangi la maji la juu ya paa lilipasuka nyumbani kwa mama, mtaa wa Mawaleh hapa Maskati, wiki ile alipokuwa kalala kwangu. Maji yakashuka taratibu kwenye ukuta wa sebuleni, ule wa matofali mekundu yasiyopigwa lipu, ambao marehemu baba aliujenga kwa mikono yake. Fundi aliziba tangi, lakini ukuta ulibaki na michirizi ya kahawia, unga mweupe wa chumvi na harufu ya uvundo. Mama aliporudi, kama mwanamke yeyote wa kwetu, hakuweza kustahimili nyumba inayonuka. Akaweka chetezo chini ya ukuta, akafukiza udi asubuhi na jioni kwa siku tano. Matofali yaliyolowa yaliunywa moshi wote ule. Alhamisi nilipokwenda kumtazama, nilikuta weusi umepanda hadi usawa wa kichwa changu.

"Lakini si kunanukia?" aliniuliza.

Jioni ile kaka yangu alipita akitoka kazini Al Khuwair. Alisimama katikati ya sebule na funguo za gari mkononi.

"Nyumba imeoza hii. Ijumaa ya wiki ijayo nakuja kumchukua Mama akae kwangu, khalas, yamekwisha."

Alisema hayo mbele ya Mama, kama anayezungumzia kabati. Kwake ni ghorofa ya nne, mke na mume kazini kutwa, mama azungumze na televisheni! Nilimwambia ukuta utatakata kabla ya siku hiyo. Akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonitia wazimu.

Kampuni za usafi sikuzimudu. Muuza duka alinishauri tindikali, ambayo ingekula saruji pamoja na masizi. Nikanunua brashi mbili ngumu za nailoni, na jikoni kwa mama nikachukua sabuni ya vyombo na magadi ya unga. Kwa hasira nikaumwagia ukuta maji siku ileile, na kesho yake chumvi ikachanua upya, nyeupe kuliko mwanzo. Haraka haraka haina baraka, na mimi baraka sikuwa nayo hata chembe. Ikabidi nisubiri siku mbili nzima, feni ikiyapulizia matofali, ndipo nikaisugua chumvi bila maji na kuifagia. Masizi niliyapaka uji mzito wa magadi na sabuni, nikasugua tofali moja moja, nikafuta kwa sponji iliyokamuliwa vizuri. Kwa kila tofali nilimtukana kaka yangu kimoyomoyo, na masizi yalipogoma kutoka nilimtukana kwa sauti. Kucha zilinikatika. Mama alikuwa akipita na chai, akisema, "Pumzika mwanangu," nami nikimjibu kwa ukali bila kumtazama usoni.

Ijumaa ilipofika, wekundu ulikuwa umerudi, isipokuwa kivuli kidogo pembeni. Kaka akaingia na masanduku mawili matupu. Nikamzibia njia.

"Haya, sema sasa! Wapi palipooza?"

Hata ukuta hakuutazama. Alianza kuniambia habari za ngazi, za upweke, za umri wa Mama. Mimi nikamrushia maneno ya jasho la baba lililojenga ukuta ule. Tulipandishiana sauti mpaka Mama akapiga meza kwa kiganja.

"Basi! Mie sendi popote. Masanduku yako yarudishe garini."

Nilimgeukia kaka, nimejaa ushindi.

"Na wewe usinitolee meno," Mama akaniambia. "Matofali hayo nnayachukia tangu siku baba yenu alipoyaleta. Nilitaka ukuta mweupe, hakuniuliza. Na nyinyi wiki nzima mnapigana humu ndani mwangu, nani kaniuliza?"

Kaka aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa bado na hasira zangu zote, na mtu pekee aliyebaki wa kutukanwa nilikuwa mimi mwenyewe.