Ulilalaka Wapi?

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua imekatika, mawingu yamekalia ziwa, nami nimeketi mezani na kalamu mkononi nikimngoja dada yangu aniletee ndoto yake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Dada hakuja. Nitakueleza kwa nini hakuja, mwanangu, ila nitakueleza kwa mpangilio, maana jambo hili nimelikunja na kulikunjua miaka mingi, na kila mkunjo wake naujua ulipo.

Baadhi yenu mnakuja kwangu na ndoto zenu. Mnaona vitabu ukutani, mnafikiri huyu mzee anajua mambo yaliyofichika ndani ya mtu. Vitabu hivyo bado navisoma. Lakini kabla hujanieleza umeota nini, nakuuliza mambo mengine kwanza, na wengi wenu mnachoshwa na maswali yangu. Kaa, usikie nilikoyatoa.

Miaka ile nchi iliitwa Zaïre. Majina ya ubatizo yalikuwa yamewekwa kando, kila mtu akawa sitwayen, yaani raia, na mimi nilikuwa karani wa kutunza faili katika ofisi moja ya Ibanda. Kazi yangu ilikuwa kuandika fishi, yaani kadi ndogo, kila jambo na mstari wake. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Shule niliiacha baba alipokufa, na tangu hapo nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu chochote kilichopita mkononi mwangu.

Sokoni Nyawera, kwa muuzaji aliyetandaza chini vitu vilivyoachwa na Wazungu, nilikuta kitabu cha Kifaransa juu ya ndoto. Hakikuwa na jalada. Hata mwanzo hakikuwa nao, kilianzia ukurasa wa thelathini na tatu.

"Kichwa yake ilipoteaka," alisema muuzaji, "lakini tumbo iko yote."

Nilicheka, nikakichukua. Nilijiambia kwamba kurasa za kwanza za kitabu ni salamu tu, na mtu mwenye shughuli anaweza kuruka salamu.

Kitabu kilifundisha kwamba chini ya akili tunayoijua iko akili nyingine iliyofichika, na mtu akilala, hiyo ndiyo husema, tena kwa mafumbo. Maji ni jambo hili, ngazi ni jambo lile, nyumba iliyofungwa ni jambo jingine. Kwangu ilikuwa kama kukabidhiwa funguo. Na nilikuwa na sababu ya kuzitamani funguo hizo.

Kule Cimpunda, juu mlimani, alikaa Muzee Ntaboba. Alikuwa mufumu, mtu wa kupiga ramli kwa kibuyu chenye maji na mbegu. Mama aliwahi kuota mdogo wake anamlisha nyama mbichi, akaenda kwa mzee, nami nikamsindikiza. Mzee alitikisa kibuyu, akamtaja huyo mdogo wake kuwa ndiye anayemroga. Tangu siku ile mama na mama mdogo hawakusalimiana, hata kanisani. Mama mdogo alihamia Minova, akafia huko bila wao kupatana. Niliapa kwamba ramli haitaingia tena kwetu.

Lakini siku ile nilisikia pia swali la kwanza la mzee, kabla hajagusa kibuyu. "Maman, ulilalaka wapi?" Kisha akamuuliza alilala na nani, alikula nini jioni, kama mvua ilimnyeshea, mwili unamwambia nini. Niliyaona maneno hayo kuwa upuuzi wa mtu anayetafuta pa kuanzia uongo wake. Jibu lake lilikuwa baya, nalisema hata leo. Swali halikuwa baya. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Mimi nilitupa vyote pamoja, kwa kuwa vilitoka mdomo mmoja.

Basi nikaanza. Nilitengeneza fishi zangu za ndoto, na kila moja ilikuwa na mistari mitano: jina, tarehe, ndoto, ishara, maana. Ofisini walinipa cheo.

"Sitwayen Docta," aliniambia mpiga taipu wetu, "niliota chef anatucheka na meno yote inje. Maana yake nini?"

"Iyo si ndoto," mwenzake alidakia. "Iyo ni homa. Enda dispensaire."

Walicheka, lakini jioni walinifuata mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kufikia mwaka wa pili sikuwa tena nasikiliza ndoto ya mtu hadi mwisho. Nilikuwa nasikiliza neno ambalo naweza kuliandika kwenye mstari wa nne.

Dada yangu mkubwa, yaya Nabintu, alikaa Kadutu, kwenye chumba kimoja mteremkoni, na mtoto wake Asifiwe wa miezi saba. Mume wake alikuwa amekwenda Shabunda kuchimba dhahabu. Yaya aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, akipanda nao mlima kwa kitunga mgongoni. Mvua za mwaka ule zilipoanza, alikuja kwangu asubuhi, amembeba mtoto, macho yamemvimba.

"Mudogo, niko naota kitu kimoja kila siku. Niko napanda mulima na kitunga ya sambaza ku mugongo. Kitunga inazidi uzito. Maji ya ziwa iko inanifuata nyuma, inafika hapa." Akaweka mkono kifuani. "Nataka kuita, sauti haitoke."

"Halafu?"

"Halafu naamuka, kichwa inaniuma sana. Na mutoto anatapika."

"Hayo ya kichwa tutayaona baadaye," nilimwambia. "Kitunga kilikuwa cha rangi gani?"

Alinitazama. "Iko na rangi ya kitunga."

Niliandika. Nilimweleza kwamba kitunga ni nyumba ambayo mume amemwachia peke yake, na maji ni hasira aliyoizika juu ya mume huyo, sasa inapanda kutafuta mdomo.

"Hasira gani? Miye niko na kichwa tu."

"Hujui kwamba unayo. Ndiyo maana inaitwa iliyofichika."

Alicheka kidogo, akampandisha mtoto mgongoni. "Basi weye hautakosaka hata siku moja," alisema. "Nikisema ndiyo, njo vile. Nikisema hapana, njo vile zaidi."

Neno lile lilikuwa kipimo kamili cha elimu yangu, mwanangu, na lilitoka kwa mwanamke aliyeishia darasa la tatu. Nililichukua kama mzaha. Kichwa kinachouma na mtoto anayetapika sikuviandika, kwa sababu fishi yangu haikuwa na mstari wake.

Alirudi mara mbili tena. Mara ya pili aliniambia kwamba ndani ya ndoto anasikia muziki wa Kilingala. Nilijua unakotoka. Chini ya nyumba yake palikuwa na nganda, yaani baa, iliyopiga santuri hadi usiku mwingi, na sauti ilipanda ikiingilia tundu lililoachwa ukutani chini ya mabati. Nilikasirika kama karani aliyekuta wino umemwagika kwenye faili. Nilitaka ndoto yenyewe, bila vitu vya nje.

"Yaya, ziba lile tundu na vitambaa," nilimwambia. "Ndoto itakuja safi. Kesho asubuhi uniletee kabla hujaongea na mtu."

"Sawa, Docta," alinijibu.

Nyumba ile nilikuwa nimeingia mara nyingi, mchana. Mchana mbabula, lile jiko lake la makaa, ilikaa nje kando ya mlango. Sikujua kwamba tangu mvua zianze, kwa ajili ya kifua cha mtoto, yaya alikuwa akiiingiza ndani jioni na kulala nayo. Sikujua kwa kuwa sikuuliza. Kuuliza si ujinga, na mimi niliogopa kuonekana mjinga kama mufumu.

Basi asubuhi ile niliketi na fishi mpya mbele yangu, tarehe nimeshaiandika. Aliyebisha hodi alikuwa jirani wa yaya, mama mmoja aliyekuja mbio bila viatu.

"Papa Docta, kuya. Kwa yaya yako mulango haifunguke."

Tuliuvunja. Yaya tulimtoa akiwa bado anapumua kwa shida, akakaa hospitalini siku nne. Asifiwe hakuamka.

Nesi aliyetupokea hakuwa na haja ya kibuyu wala kitabu. Aliangalia rangi ya uso wa yaya, akanigeukia. "Balilalaka wapi? Kulikuwa mbabula ndani?" Jirani ndiye aliyejibu ndiyo. Nesi akatikisa kichwa, akasema moshi wa makaa usioonekana ndio unaoua, na kwamba mtu huanza kwa kichwa kuuma na kutapika siku nyingi kabla. Akaniuliza kama hapakuwa na dalili. Nilimwambia sijui.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Wa pili niliusema kwa kunyamaza.

Matangani, ndugu wa mume walikuwa wameanza kunong'ona jina la jirani yule yule aliyekuja kuniita. Walimwita Muzee Ntaboba awatajie mchawi. Alikuja na kibuyu chake chini ya koti, akakaa mkekani karibu na yaya, akamwuliza polepole, "Binti yangu, ulilalaka wapi?" Yaya alimwambia yote, mbabula na kichwa kuuma. Mzee aliuacha mkono wake ndani ya koti, kibuyu hakukitoa.

"Iyi haina mulozi," alisema. Kisha akauliza, "Tundu ya hewa ilikuwa wapi?"

"Ilizibwa."

"Nani alizibaka?"

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwao. Yaya aliinua macho, akanitazama, si kwa hasira. Alingoja. Nafikiri alinipa nafasi ndefu, ndefu kuliko pumzi tatu. Nilitazama viatu vyangu.

"Ni miye," alisema yaya. "Ni miye mwenyewe."

Na yeye akaubeba mzigo wangu. Mume alirudi kutoka Shabunda, akaambiwa na ndugu zake kwamba mke wake alimzibia mtoto pumzi kwa uzembe. Hakumpiga wala hakumtukana, alimrudisha kwetu tu. Nilipopata ujasiri wa kumfuata na kumweleza kwamba neno lile la tundu lilitoka kwangu, ilikuwa imepita miaka mitano, naye alikuwa ameoa kwingine na ana watoto. Alinisikiliza, akasema, "Ungesema siku ile." Maji yakimwagika hayazoleki.

Fishi zangu nilizichoma. Kitabu sikukichoma, na sijui kwa nini. Baadaye sana, padri mmoja aliniruhusu kusoma katika maktaba yao, na humo nilikuta kitabu kile kile, kizima, chenye jalada. Niliketi nikasoma kurasa thelathini na mbili nilizozikosa. Mwandishi alikuwa ameandika, kabla ya maji na ngazi na nyumba zilizofungwa, kwamba anayetaka kufasiri ndoto aanze na mwili wa aliyelala: joto lake na baridi yake, tumbo lake, pumzi yake, hewa na kelele za chumba chake. Kwa Kifaransa kizuri na kirefu, alikuwa anauliza, ulilalaka wapi?

Yaya anaishi Luberizi sasa, kwenye tambarare ya mpunga. Alichagua mwenyewe. Kuna joto kule, aliniambia, hakuna mutu anaingiza moto ndani. Naenda kumwona kila mavuno. Tunaongea juu ya mpunga na ndege na bei, tunacheka hata. Ndoto hajanieleza tena hata moja. Asubuhi namwuliza, "Yaya, ulilalaka muzuri?" Hunijibu, "Nililala," halafu ananimiminia chai.

Mwanangu, sikuambii kwamba ndoto ni bure, wala kwamba hakuna akili iliyofichika. Ipo, yangu ilinificha mimi mwenyewe kwa miaka. Nakuambia hivi: ndoto ina mwenyewe, na mwenyewe ana mwili, na mwili una mahali ulipolala. Mtu akikuletea ndoto, awe mgonjwa au mpenzi au mama yako, kwanza msikilize hadi mwisho, hasa pale anaposema jambo ambalo huna mstari wa kuliandika. Usimtaje adui wa mtu kwa sababu ya alichokiona amefumba macho. Jihadhari na elimu isiyoweza kukosea, iwe ya kibuyu au ya kitabu. Na siku utakayokosea, sema siku ile ile, mbele ya wale wale, kabla mwingine hajakubebea. Mimi nilidhani salamu ni kitu cha kuruka. Kumbe wazee walikuwa wameliweka swali lenyewe ndani ya salamu ya asubuhi, ili kila mlango uulizwe kila siku, na sisi tukaligeuza kuwa desturi ya mdomo. Wewe ukiuliza mtu amelalaje, simama usikie jibu.

Mungu akupe nyumba yenye tundu la kupitisha pumzi, na jirani asiyeogopa kubisha. Mkilala watatu, muamke watatu. Na yule anayekudai msamaha, akute bado una ulimi wa kumwomba.